Boga Hakukatwa Kimio

Boga huuza kahawa chungu Jomvu Kuu. Kila jioni yeye mwenyewe huionja kwanza, ingali inachemka.

Mkewe, Mwanasaumu, alianza kuona jambo. Boga aliacha nyama. Kisha wali akawa haumezi bila kuumwagia mchuzi mwingi. Mwisho hata hamri alilichovya kwenye chai mpaka lilegee. Mwili ulimpungua, kanzu ikampwaya.

"Ni kimio tu," Boga alisema. "Kesho mzee Abdulghani atanikata, yatakwisha."

Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Hapa kwetu koo likisumbua, basi hukatwa kimio. Kiponda, nduguye Boga, alikatwa. Chakula kikazidi kukwama, akakatwa kilichobaki. Tulimzika, tukasema ahadi yake imefika. Hakupimwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwanasaumu hakuwa amesahau. Alimwita jirani yao Pascalia, muuguzi. Pascalia akamuuliza Boga chakula kinakwama wapi. Boga akagusa kifua, akasema kesho mzee Abdulghani atamkata kimio.

"Kimio kiko juu, shemeji. Wewe unakwamwa huku chini. Huyo mzee ana wembe mrefu kiasi gani?"

Akawaeleza kwamba mtu akishindwa kumeza na akakonda, huenda ni saratani ya njia ya chakula. Tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana huongeza hatari. Lazima apimwe upesi kwa kamera.

Zahanatini walipewa dawa ya kiungulia tu. Mwanasaumu hakuinuka kwenye benchi.

"Mume wangu hamezi mkate, daktari. Siondoki hapa mpaka umwandikie kipimo cha kamera."

Akaandikiwa.

Hospitali kubwa walimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, wakatoa kipande kidogo pale chakula kinapokwama ili kipimwe. Ilikuwa saratani, tena ya aina adimu, inayosambaa kwa kasi. Lakini ilikuwa haijafika mbali. Boga alitiwa dawa mshipani, akapigwa mionzi. Nywele zilimtoka. Kuna siku alikataa kwenda. Mwanasaumu akamvisha viatu mwenyewe.

Leo Boga anameza wali, na bado anarudi kupimwa. Kahawa huiacha ipoe kwanza. Wateja wananung'unika, wanamwita Bwana Baridi.

Jana mmoja wao, Mansur, alisema mkate unamkwama kifuani, atakwenda kukatwa kimio.

Boga akalifunika dele lake la kahawa.

"Inuka twende," akasema. "Lile benchi nalijua."