Gauni Lililoshonwa Pamoja na Shati

Mume wangu ni fundi cherehani. Mikono anayo, jamani! Akikushonea suti, hata jirani anayekudharau atakusalimia kwanza. Kasoro yake ilikuwa simu. Aliibana kati ya sikio na bega, shingo imepinda, huku anashona. Mimi kazi yangu ni vifungo. Nikimwambia, "Baba Pacha, weka simu," ananijibu, "Mke wangu, sishoni kwa masikio."

Ijumaa moja tulikuwa na gauni jeupe la bibi harusi, la kuvaliwa kesho yake asubuhi. Lilibaki pindo tu. Mara kaka yake akapiga simu. Wakaanza kubishana: ng'ombe wa baba yao alikuwa mweusi au wa kahawia? Na ng'ombe mwenyewe alikufa miaka ishirini iliyopita!

"Mweusi! Si mimi niliyekuwa namkamua?" mume wangu alifoka, cherehani inakimbia.

Bibi harusi akaingia na shangazi yake. "Fundi, tayari?"

"Tayari kabisa!" Akainuka. Gauni nalo likainuka. Akarudi nyuma, gauni likamfuata. Kumbe alishona pindo pamoja na shati alilovaa!

Bibi harusi akaanza kulia. Shangazi mtu akashika kiuno. "Haya, kesho mtasimama wote wawili humo ndani. Na bwana harusi je, asimame wapi?"

Nilitaka kucheka, lakini woga ulinibana. Gauni lile likichanika, binti angevaa nini asubuhi?

Bahati nzuri, jirani yetu nesi alikuwa amekuja kuchukua sare yake. "Usivute!" alisema. "Kata shati."

"Shati langu jipya?"

"Kata!" tukajibu wanawake wote wanne.

Nikakata shati, kisha nikafumua uzi mmoja mmoja, pumzi nimeishika. Nesi akamtazama mume wangu mkono. "Ona, sindano imekwaruza ukucha. Kule zahanati nimeshatoa sindano vidoleni mwa watu. Akili ni moja tu, fundi. Ukiipeleka kwa ng'ombe, mikono inabaki bila msimamizi."

"Na mtu akiwa na shida ya haraka?"

"Ampigie Mama Pacha. Naye asimamishe kazi kwanza, ndipo apokee. Wewe zima mlio wakati unashona. Ukipumzika, tazama nani alipiga, umpigie. Hata unapovuka barabara, hata ukiwa jikoni kwenye moto, ni hivyohivyo. Maliza kwanza, ndipo uongee."

Mume wangu alishona pindo upya, simu ameizima, amebaki na fulana. Jioni bibi harusi akalijaribu gauni, akajizungusha mara mbili, akacheka. Nami nikapumua. Aibu tuliyoiona siku ile inatosha!

Siku hizi simu inakaa kwenye mfuko wa kitambaa nyuma ya mlango. Nguo zinatoka kwa wakati, na shingo yake haimuumi tena. Kaka yake anapiga mchana, wakati wa kula. Bado wanabishana, lakini sindano imelala.

Juzi alikuja mteja kupimwa. Anaongea na simu, anacheka, anageuka huku na huku. Mume wangu akakunja tepu yake.

"Dada, malizana naye kwanza. La sivyo nitakupima wewe, nimshonee yeye."

Mteja akakata simu, akasimama wima.