Majina Mawili ya Kambi Magome

Johnstone Okumu alikuwa fundi wa redio na simu mtaani Langas, Eldoret. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akafuta vumbi mezani, akaiwasha redio moja iimbe ili wapita njia wajue fundi yupo. Mkewe, Marion, alikaanga mandazi mlango wa pili. Waliongoja simu walinunua mandazi, na waliofuata mandazi walikumbuka simu zao mbovu.

Jioni, kazi ikipungua, Okumu alivaa miwani na kushika simu yake mwenyewe. Alikuwa mhariri wa kujitolea katika ensaiklopidia ya mtandaoni. Hiki ni kama kitabu kikubwa cha maarifa, ila kinasomwa kwenye simu au kompyuta. Mtu yeyote anaweza kuongeza habari, na mtu yeyote anaweza kusahihisha alichoandika mwenzake. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Hapo pia ndipo ugomvi huanzia.

Okumu alizaliwa Kambi Magome, kituo kidogo kupita Kapseret. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kubandua magome ya miti kwa ajili ya kiwanda, na vibarua wenzake ndio waliopaita hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi, nyumba ya Okumu ilichomwa pamoja na za majirani zake. Familia ilikaa hemani miezi mingi, kisha ikapanga chumba Langas. Shamba lilikwenda kwa bei ya kutupa. Kaburi la baba yake lilibaki huko.

Miaka ikapita. Siku moja Okumu alitafuta Kambi Magome kwenye simu, asipate kitu. Akaona kwamba akifa yeye, mahali hapo patakuwa kama hapajawahi kuwapo. Basi akaandika makala: kambi, shule, mpira, halafu moto. Aliandika kila kitu kwa kichwa, jinsi alivyokumbuka.

Haikuisha wiki. Mhariri mwingine, aliyejiita Joseph wa Kapsaos, alifuta jina la Kambi Magome kila lilipotokea, akaweka Kapsaos. Habari za moto aliziondoa kabisa. Okumu akarudisha. Joseph akafuta. Okumu akarudisha tena, na pale mhariri anapoeleza sababu ya badiliko lake, akaandika: "Mlituchomea nyumba, sasa mnatuchomea na jina."

Joseph akajibu: "Mgeni hanifundishi jina la kwetu."

Asubuhi iliyofuata ukurasa ulikuwa umefungwa, hakuna aliyeweza kuuhariri. Msimamizi, mhariri mzoefu aitwaye Angeline, alikuwa amewaandikia wote wawili ujumbe mmoja. Wakiendelea kufutana na kutukanana, watazuiwa kuhariri, na makala itabaki nusu, bila mwenyewe. Akaongeza kwamba yeye anafanya kazi katika duka la dawa mjini Eldoret. Kama wako karibu, waje wanywe chai hoteli ya jirani Jumamosi.

Okumu alisema haendi. Alisema ameshakaa na watu hao, na matokeo aliyaona. Marion alimsikiliza huku akigeuza mandazi.

"Baba Amolo," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "redio ikikwaruza wewe huipigi ngumi. Unaifungua uone ndani kuna nini. Enda ufungue huyu mtu."

Akaenda. Alitarajia kijana jeuri. Hotelini alimkuta mwanamume wa makamo mwenye viatu vya mpira, aliyetoka moja kwa moja kupeleka maziwa. Walisalimiana bila kutazamana. Angeline alimimina chai mwenyewe, akawaacha waseme.

Joseph alieleza kwamba babu yake alichunga ng'ombe Kapsaos kabla walowezi hawajachukua ardhi ile. Hilo jina lilikuwapo kabla ya mti wa kwanza wa kiwanda kupandwa. Kwake yeye, Kambi Magome ni jina la mwajiri.

"Na moto?" Okumu aliuliza. "Nao ulikuwa wa mwajiri?"

Joseph aliweka kikombe chini. "Mzee, mimi sikuchoma nyumba ya mtu. Lakini watoto wangu wanasoma shule na watoto wa kila kabila. Sitaki wafungue simu waone kwao kumeandikwa watu wabaya."

Hapo Angeline akawaeleza kazi ilivyo. Watu wakitofautiana, hawafutani. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko mnakobishana kwa adabu mpaka mkubaliane. Mkishindwa, mnaita mhariri mwingine asiye na upande. Na anayebisha lazima alete chanzo.

"Chanzo ndiyo nini?" Okumu aliuliza.

"Kitu kilichochapishwa, ambacho msomaji mwingine anaweza kukitafuta ahakikishe. Gazeti, kitabu, ripoti."

"Moto niliuona kwa macho yangu. Mimi si chanzo?"

Angeline akamgeukia. "Mimi nakuamini, Mzee. Lakini msomaji aliye Mombasa hawezi kukufungua wewe kama gazeti. Tukikubali 'mimi niliona' ya mtu mkweli, kesho ataingia mwongo na yake, na hatutakuwa na njia ya kumkatalia."

Kisha akawapa kazi ambayo hawakuitegemea. Okumu akatafute vyanzo vya jina la Kapsaos. Joseph akatafute vya Kambi Magome. Kila mmoja amwandikie mwenzake.

Okumu alirudi nyumbani akinung'unika. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kujua. Alikwenda maktaba mjini, na katika kitabu cha zamani cha historia ya nyanda za juu akaipata Kapsaos, malisho na kisima cha maji ya chumvi ambako ng'ombe walipelekwa kunywa. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Alikuwa amekulia juu ya kisima hicho na hakujua. Akaiandika habari hiyo vizuri kwenye ukurasa wa majadiliano, akataja kitabu na ukurasa wake.

Joseph naye alileta gazeti la miaka ya sabini, lililotaja shule ya Kambi Magome. Akaleta pia ripoti iliyochapishwa kuhusu ghasia, iliyotaja nyumba zilizochomwa pale na familia zilizohama. Hilo la pili hakuna aliyemlazimisha. Chini yake aliandika: "Pole, Mzee Okumu. Liandikwe. Watoto wangu nitawaeleza mwenyewe."

Okumu aliisoma pole hiyo akiwa kibandani, na mteja alingoja simu yake kidogo zaidi.

Wakaelewana. Kichwa cha makala kikawa Kapsaos, kwa kuwa ndilo jina linalotumika katika ripoti za sasa. Hilo lilimuuma Okumu, lakini chanzo kilikuwa mbele yake. Mstari wa kwanza ukataja majina yote mawili na asili zake. Ghasia za 2008 zikaandikwa kama ripoti ilivyosema, bila "sisi" na bila "nyinyi". Angeline akaufungua ukurasa, akaweka kielekezi: anayetafuta Kambi Magome anapelekwa pale pale.

Jioni ile Okumu alimpa Marion simu ajaribu. Marion alifuta mafuta mikononi, akaandika Kambi Magome. Ukurasa ukafunguka. Akasoma polepole kwa sauti, mpaka alipofika kwenye habari ya gazeti ambayo Joseph aliiongeza.

"Shule ya Kambi Magome ilifungwa mabao manne kwa bila katika fainali." Akamwangalia mumewe juu ya simu. "Baba Amolo, si wewe ndiye ulikuwa golikipa? Si mlishinda?"

Okumu alikohoa. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akisimulia ushindi huo.

"Futa basi," Marion alimchokoza. "Si unajua kufuta?"

Okumu alichukua simu, akausoma mstari ule mwenyewe.

"Wacha," alisema. "Una chanzo."