Simu ya Saa Kumi

Mwaka ule wa ugonjwa, mtaa ulibaki na sauti mbili. Moja ilikuwa ya cherehani ya fundi, iliyoanza asubuhi na kunyamaza jioni. Nyingine ilikuwa kengele ya shule, ng'ambo ya barabara. Kengele ile ilikuwa ya umeme. Ilijiendesha kwa saa, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Shule ilipofungwa, kengele iliendelea kulia. Ililia ya kuingia, ikalia ya mapumziko, ikalia ya kutoka. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo. Siku hizo alishona barakoa tupu, na kila asubuhi alizipeleka zahanati. Aliishi na binti yake wa darasa la mwisho na mama mkwe wake. Zamani walikuwa wanne. Mumewe, makanika, aliugua Jumapili. Jumatano alipelekwa hospitali. Hakurudi. Kilichorudi ni mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na miwani, mkanda, saa ya mkononi na simu.

"Msiufungue kwa siku chache," mhudumu aliwaambia.

Fundi aliuweka kwenye droo ya kabati. Siku chache zikapita. Hakuufungua.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa kumi alasiri, kabati lilinguruma.

Ilikuwa mchana kweupe. Jua lilikuwa limelala sakafuni. Mbao zilitetemeka mara tatu. Vikombe vilivyokuwa juu ya kabati viligongana kidogo, kisha kimya.

"Ni simu ya baba," binti alisema.

"Iache," fundi alijibu. "Betri itaisha yenyewe."

Mama mkwe alikuwa akichambua maharage. Aliinua uso, akalitazama kabati, akatabasamu.

Betri haikuisha. Kesho yake, saa kumi, kabati likanguruma. Keshokutwa vilevile. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Fundi alizijua mashine. Alijua kwamba hakuna mashine inayofanya kazi bila kulishwa. Sasa ni nani aliyeilisha hii? Kila ilipokaribia saa kumi, mguu wake ulisita kwenye cherehani. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Tangu msiba, majirani walipita upande wa pili wa barabara.

Siku moja binti alisimama dirishani kwa muda mrefu.

"Mama, nimemwona mtu amevaa sare ya shule yetu. Alikuwa peke yake, na barakoa. Alitembea polepole, kimya kabisa."

"Usimwite," mama mkwe alisema haraka.

"Watu wanavaa sare hata kuteka maji," fundi alisema. "Nguo nyingine zimewaishia. Shule ikifunguliwa tutasikia kelele za watoto. Watoto gani hao wasiopiga kelele?"

Binti alirudi mezani. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na alitaka kuwa muuguzi. Kila siku alirudia daftari lilelile, mpaka kurasa zikalegea.

Alhamisi moja alasiri, mlango uligongwa. Alikuwa karani wa shule. Watu walimwita Bi Muhuri, kwa sababu mkono wake haukuweza kuona karatasi ukaipita bila kuigonga muhuri. Alisimama kizingitini, amevaa barakoa, hakuingia.

"Zahanati wamenielekeza hapa kwa barakoa arobaini za wanafunzi. Lakini wewe! Kumbe upo! Sisi tumeandika mmehama."

"Tumehama kwenda wapi? Na barakoa za wanafunzi gani? Shule si imefungwa?"

"Imefungwa? Wenzake binti yako wana wiki mbili darasani! Wanakuja kwa makundi mawili. Dawati moja, mtoto mmoja. Ndiyo maana husikii kelele. Kesho saa sita mchana tunafunga orodha ya mtihani. Binti yako hayumo."

Daftari lilimponyoka binti mkononi.

"Hamkutuambia," fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tumewaambia kila siku!"

Na pale pale kabati likanguruma. Vikombe vikagongana. Fundi alifumba macho. Lakini safari hii kulikuwa na mlio mwingine, nje, ndani ya mkoba wa Bi Muhuri. Milio miwili ililia pamoja na kunyamaza pamoja.

"Hiyo ni yangu," Bi Muhuri alisema. "Mimi pia nina mtoto pale. Saa kumi hii, ni ofisi ya elimu." Akatazama ndani. "Na ile nyingine ni ya nani?"

Binti alisema, "Ya baba."

"Mpokelee basi. Yuko wapi?"

"Baba amefariki, Bi Muhuri. Wiki ya nne sasa."

Bi Muhuri aliushika mlango. Siku zile watu walizikwa na watu sita, na habari haikutembea.

"Poleni," alisema polepole. "Poleni sana. Hatukujua. Fundi, sikiliza. Ofisi ya elimu ina kompyuta. Kila siku saa kumi inatuma taarifa kwa wazazi wote kwa mpigo mmoja. Haijui nani yupo na nani hayupo. Inajua namba tu. Namba yenu kwetu ni moja, ya mumeo. Kwenye orodha yetu yu hai. Ofisi inamwandikia kila siku, na inashangaa hajibu."

Fundi aliinuka. Alivuta droo, akautoa mfuko. Alipotaka kufungua fundo, mkono ukasimama. Fundi wa nguo huyajua mafundo. Hili halikuwa fundo la hospitali. Lilikuwa fundo bapa, limezungushwa mara mbili, na ncha zake zimefichwa ndani. Mtu mmoja tu pale nyumbani alifunga hivyo.

Alimgeukia mama mkwe.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," bibi alisema. "Ni mimi. Ukienda zahanati, na mjukuu bado amelala, ninaitoa, ninaichaji, ninairudisha."

"Mama! Kwa nini?"

"Kila siku akitoka gereji, saa kumi, alikuwa ananipigia. 'Mama, umekula?' Basi, anakata. Miaka yote hiyo hakuruka hata siku moja. Kabati liliponguruma saa kumi, mlitaka nifikiri nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeizima."

"Na mbona hukuitazama, bibi?" binti aliuliza.

"Niliyaona maandishi yakiwaka. Lakini mimi na maandishi tunaonana tu, hatuongei. Kukuuliza wewe niliogopa. Ungenisomea, nikakuta si yeye."

Fundi aliketi kando yake. Wanawake wale wawili walishikana mikono. Kengele ya kutoka ililia shuleni.

"Soma, mwanangu," fundi alisema. "Soma zote."

Binti alisoma. Kila taarifa ilianza na maneno yaleyale: *Mzazi mpendwa.* Mzazi mpendwa, kazi za nyumbani zinatolewa getini kila Jumatatu. Mzazi mpendwa, darasa la mwisho litarejea kwa makundi. Mtoto mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani, upige namba hii. Mzazi mpendwa, thibitisha kwamba mtoto wako atarudi. Mzazi mpendwa, hujathibitisha. Hujathibitisha. Hujathibitisha.

"Kosa si lenu peke yenu," Bi Muhuri alisema. "Na sisi tulipaswa kutuma mtu. Lakini njooni kesho mapema. Namba ikibadilika, shule iambiwe siku hiyohiyo. Na msiache namba moja, wekeni mbili. Simu moja ikipotea au ikizimwa, ya pili ipokee. Asiye na simu aje asome ubao wa getini, au atuombe barua. Mkisikia maneno ya mtaani, niulizeni mimi. Kengele msiiamini, ile inawalilia hata panya."

Asubuhi ya Ijumaa, fundi na binti walisimama kwenye alama za rangi zilizochorwa nje ya dirisha la ofisi. Walinawa mikono. Uwanja ulikuwa kimya. Nyuma ya vioo walionekana watoto wachache, kila mmoja kwenye dawati lake, nusu ya uso imefichwa.

Bi Muhuri alipitisha fomu chini ya kioo. Juu kabisa lilikuwepo jina la mume wa fundi, na mbele yake nafasi tupu.

Fundi alishika kalamu. Hakuandika.

"Unataka nimfute," alisema.

"Hapana. Hafutwi mtu hapa. Andika tu ukweli wake."

Saa ya ofisini ilikuwa saa nne na nusu. Nyuma yao foleni ilikuwa inarefuka. Binti hakumhimiza mama yake. Alisogeza tu kiwiko chake mpaka kikagusa cha mama.

Fundi aliandika *marehemu.* Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliandika neno hilo tangu siku ile. Herufi zilipinda kidogo. Chini yake aliandika namba yake mwenyewe. Kwenye mstari wa namba ya pili alifikiri kidogo, akaandika ya mama mkwe.

Muhuri uligonga. Binti aliwekwa kundi la pili, Jumanne na Alhamisi, na jina lake likaingia kwenye orodha ya mtihani. Alitoka na mzigo wa kazi za wiki nne.

"Mke mwenzangu!" bibi alimtania alipomwona. "Umeolewa na madaftari?"

"Na wewe yanakuposa, bibi. Namba yako imeandikwa shuleni. Lazima ujue kusoma."

Simu ndogo ya bibi ilikuwa imechakaa, vitufe vyake havibonyezeki. Kwa hiyo fundi alitoa laini ya mumewe, akaifunga katika kitambaa, akairudisha kwenye droo. Katika simu ya marehemu akaweka laini ya bibi. Tangu siku hiyo simu ile ilikaa mezani, karibu na cherehani. Kila jioni binti alimfundisha bibi herufi, na bibi alilalamika kwamba *m* na *n* ni ndugu wasiotaka kutambulishwa.

Jumatatu ilipofika saa kumi, meza ilinguruma mara tatu. Mguu wa fundi ulisita, kama zamani. Kisha ukaendelea.

Bibi aliichukua simu kwa mikono miwili. Binti alitaka kumsomea, lakini bibi alimzuia. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"M... za... zi."

Alirudia tena, polepole. Akainua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mkwe wangu," alisema. "Bado wananiita mzazi."

"Ndivyo ulivyo, mama," fundi alijibu.

Bibi alifuta macho kwa kiganja, akasogeza kidole kwenye neno la pili.