Iwe Mbali na Mkasi

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, Mama Kola alivuka mpaka kwa miguu. Alilala nchi moja, akashona nchi nyingine. Kiwandani ng'ambo alishona kola za mashati ya sare, na jina lake la utani lilitoka huko. Jioni alirudi kwa wanawe.

Mumewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Tangu hapo, Mama Kola hakuweza kukaa kitako. Akikaa, anainuka. Akimaliza kufagia, anafagia tena.

Jumatatu moja, mpakani upande wa kwao, afisa alikitazama kibali chake cha kazi.

"Mama, hiki kinaisha Ijumaa."

"Najua, baba. Picha za kibali kipya ninazo hapa."

"Picha peke yake hazitoshi. Lete hati ya ofisi yetu ya kodi, kwamba umewasilisha ritani ya mwaka jana."

"Lakini kodi nakatwa kila mwezi, hukohuko kazini!"

"Hayo kawaeleze wao. Bila hati, Jumatatu ijayo huvuki."

Siku hiyo alishona kola tatu kinyume. Msimamizi akauliza, "Shati hili atavaa nani? Mwenye uso kisogoni?" Wenzake wakacheka. Mama Kola hakucheka. Asipovuka, hana kazi. Asipokuwa na kazi, watoto watakula nini?

Jioni alikwenda kwa wifi yake, mdogo wa marehemu, mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi.

"Wifi, unazunguka kama pia. Kaa, kiti hakijakukosea."

"Nitakaaje? Wanataka nilipe kodi mara mbili!"

"Nani kakuambia? Ritani ni fomu ya kutangaza mapato. Unasema: mwaka jana nilipata kiasi hiki, nikakatwa kodi kiasi hiki. Wewe unaishi huku, kwa hiyo ofisi ya huku inataka kujua mapato yako yote, hata ya ng'ambo."

"Halafu wanakata tena?"

"Nchi hizi mbili zina mkataba. Uliyokatwa kule inatolewa kwenye kodi ya huku. Ikibaki tofauti, unalipa hiyo tu. Isipobaki, hulipi kitu. Lakini usipotangaza, watajuaje kwamba ulikatwa?"

"Mbona miaka yote sikuyasikia haya?"

"Kaka alikuwa anakujazia. Wewe ulitia sahihi tu, macho kwenye sufuria."

Mama Kola akakubali kwa kichwa. Ni kweli.

"Sasa lete ile hati ya mwaka kutoka kiwandani," wifi akaendelea. "Inaonyesha mshahara wa mwaka mzima na kodi yote uliyokatwa."

"Ile karatasi ngumu, rangi ya maziwa?"

"Hiyohiyo."

Mama Kola akashika mdomo. Karatasi ile ilikuwa nzuri mno, haikunjiki ovyo. Jumapili huwashonea majirani nguo, na karatasi ile aliifanya vipimo vya kukatia kola. Akafungua mkoba wake wa ushonaji, akatoa vipande: kola ya mtu mzima, kola ya kijana, kola ya mtoto. Kwenye ya mtoto palikuwa na nusu ya muhuri.

"Makubwa haya!" wifi akasema. "Umeivisha kodi shati! Hivi havipokelewi, mama. Kesho mwombe mlipa mishahara nakala yenye muhuri. Ni haki yako. Na nguo za majirani nazo utatangaza."

"Hata viraka?"

"Hata viraka, kama umelipwa."

Jumanne, wakati wa chakula, Mama Kola alisimama mlangoni kwa mlipa mishahara. Akaambiwa arudi Alhamisi. Jumatano akasimama tena.

"Mama, ukisimama hapo mimi sifikiri vizuri."

"Na mimi nikikaa, sifikiri kabisa."

Alhamisi alipewa nakala. Jioni wifi alikuja nyumbani kumwelekeza, ila safari hii Mama Kola alisoma kila mstari mwenyewe. Walitaka kutazama fomu ya mwaka wa nyuma, basi wakaushusha mkoba wa marehemu kutoka juu ya kabati. Haukuwa umefunguliwa tangu mazishi.

Ndani zilipangwa bahasha, kila mwaka na yake. Juu ya bahasha ya mwisho, kwa mwandiko wa marehemu, paliandikwa: *Iwe mbali na mkasi wa Mama Kola.*

Wifi alianza kucheka. Mama Kola akafuata. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Kisha Mama Kola akavuta kiti. Akakaa. Akajaza fomu mpaka mwisho bila kuinuka.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akafika ofisi ya kodi kabla haijafunguliwa. Kodi ya nyongeza haikuwapo. Alilipa faini ndogo ya kuchelewa.

"Mwakani njoo mapema," karani akamwambia. "Na ukibadili kazi au makazi, uliza kwanza. Mikataba haifanani." Akampa hati.

Akaipeleka mpakani pamoja na picha, na mchana huohuo kibali kipya kilitoka. Jumatatu, kwenye foleni ya mpakani, aliwaambia wenzake, "Karatasi za mshahara msitupe. Ya mwaka ombeni mapema. Na jamani, msikatie kola!"

Jioni aliweka karatasi zake kwenye bahasha mpya. Akaandika mwaka. Chini yake akanakili maneno ya mumewe, neno kwa neno. Akaitia katika mkoba wa marehemu, akaurudisha juu ya kabati, na mkasi akauacha mezani.