Goti la Kulia

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa chumba, Upepo alijikumbusha jambo moja: goti la kulia. Si la kushoto, la kulia. Kisha alishika mkongojo, akainua kisigino cha kulia, akakunja uso kidogo na kutoka kwenda kunawa, huku akichechemea kwa ncha za vidole. Mama, ambaye saa hiyo alikuwa keshakaa mbele ya cherehani, alimpa pole. Bibi, kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, naye alimpa pole. Upepo alizipokea pole zote mbili, ingawa goti lake halikuwa na kitu. Lilikuwa zima kama kigongo.

Jina la Upepo walimpa wenzake, na hawakumpa bure. Tangu darasa la kwanza hakuna aliyemshinda mbio. Kisha shuleni akaja mgeni, msichana mwenye miguu mirefu hata siku ya kwanza tu wakamwita Twiga. Siku ya mashindano, walipofika kwenye kona, Upepo alimwona Twiga akimpita bila hata kuhema. Hapo akajitupa chini, akashika goti, akalia. Watu wakamzunguka. Hakuna aliyekumbuka kuuliza nani kashinda, na hilo ndilo alilolitaka.

Alidhani uongo ule utakaa siku mbili tatu, kisha uondoke wenyewe kama mafua. Wapi! Uongo ukishaingia nyumbani huomba kiti. Jioni ileile bibi alimletea mkongojo wake. Goti la bibi lilikuwa bovu kweli, na mkongojo ule ndio uliomtembeza.

"Chukua, mke mwenzangu," alimwambia, kwa utani wake wa siku zote. "Wewe una safari nyingi. Mimi nitashika ukuta."

Na kweli akawa anashika ukuta. Alitoka kitandani kwa ukuta, akafika kitini kwa ukuta, akarudi vivyo hivyo. Nje hakutoka tena. Yeye na rafiki yake wa nyumba ya pili, ambao zamani walikutana kila jioni kuwasengenya majirani kwa upole, sasa walisalimiana kwa kupaziana sauti dirishani. Upepo alikaa na bibi hapo baada ya masomo, akiwatazama wenzake wakiruka kamba barabarani. Walikuwa wafungwa wawili wa dirisha moja, mmoja wa kweli na mmoja wa kujitakia. Upepo alitamani kuruka ile kamba mpaka vidole vya miguu vikamwasha ndani ya viatu.

Jioni moja akajaribu kujinasua. Akasema goti limepoa, mkongojo bibi arudishiwe. Mama akatoa pini mdomoni, akamtazama. Jana tu, alisema, ulishuka ngazi za shule ukilia mpaka mwalimu akakubeba. Leo umepona kwa dawa gani? Mkongojo hatauacha mpaka mama mwenyewe aridhike. Jana Upepo alikuwa amelia vizuri mno, na sasa machozi yake mwenyewe yalikuwa yamemfungia mlango.

Kesho yake mwalimu wa sayansi alifika na somo la mguu. Alikuwa mama mcheshi asiyependa picha za kitabuni, akasema picha nzuri ni ile inayopumua. Akamketisha Upepo juu ya meza, akaomba mguu wake mzima, wa kushoto, akaanza kuuchora kwa kalamu ya buluu. Mfupa wa paja, alieleza, ndio mrefu kuliko yote mwilini, nao unatoka nyongani na kukomea gotini. Mbele ya goti akachora duara, mfupa uitwao pia ya goti. Chini yake akachora mifupa miwili, mnene wa mbele ambao ukigonga meza hutausahau, na mwembamba wa upande wa nje. Nyuma akachora kano nene inayoshikiza shavu la mguu kwenye kisigino. Mwisho akapaka ncha za mifupa pale inapokutana gotini. Hapo, alisema, pana gegedu, laini na yenye utelezi, ili mifupa isisagane. Mtu akizeeka inaweza kulika, na ikilika haioti tena.

Kisha akaushika mguu wa kulia. Akapapasa goti, akatafuta uvimbe, asiuone. Alipobonyeza shavu, Upepo alipiga ukelele wa kweli.

"Hapa pamekaza kwa sababu unatembelea vidole," mwalimu alisema. "Viungo vya mguu vinategemeana. Ukikidanganya kimoja, vingine vinaumia."

Upepo akainamisha kichwa. Mwalimu alikuwa anazungumzia viungo tu, lakini yeye alihisi maneno yale yakimchoma. Alikuwa ametafuta ugonjwa wa uongo, sasa ameupata wa kweli, na hata akisema leo kwamba ni mzima, nani angemwamini?

Alipofika nyumbani, bibi aliona ile michoro, akamwita karibu aelezwe. Upepo akaanza juu mpaka chini. Alipofika kwenye gegedu, bibi akagusa goti lake.

"Ndiyo iliyokwisha hii yangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na haioti tena?"

"Mwalimu anasema haioti."

Bibi akacheka kidogo, akasema basi alikuwa anangoja mgeni asiyekuja. Mara sauti ya rafiki yake ikasikika kutoka nyumba ya pili. Mjukuu wake wa kwanza kaletwa leo, bibi aje amwone. Bibi akainuka, macho yanang'aa. Akashika ukuta mpaka mlangoni. Hapo akasimama. Kati ya mlango na geti hapakuwa na ukuta wa kushika, palikuwa na uwanja mtupu tu. Bibi akautazama uwanja ule kwa muda, mkono kwenye fremu ya mlango, kisha akajibu kwa sauti kwamba leo amechoka kidogo, atakuja siku nyingine.

Upepo hakuweza tena. Akainuka bila kuchechemea, akampa mkongojo mkononi.

"Nilidanganya, bibi. Goti langu halikuumia hata siku moja. Niliogopa kushindwa na Twiga."

Cherehani ikanyamaza. Mama akaja mpaka mlangoni, na maneno aliyoyasema hayakuwa machache. Upepo aliyasikiliza yote akilia, tena bila ufundi wowote. Bibi alingoja yaishe.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Hawakujua atatokea mbuni maradhi. Haya, nipe bega, twende tukamwone mtoto."

Wakauvuka uwanja, mkongojo upande mmoja, mjukuu upande wa pili.

Upepo alimweleza mwalimu ukweli mbele ya wenzake, akachekwa, akavumilia. Kila asubuhi aliegemea ukuta na kukanyagisha kisigino chini mpaka shavu la mguu likalegea. Mashindano mengine yalipofika, alikimbia na Twiga bega kwa bega hadi kwenye ile kona. Twiga akampita tena.

Bibi alikuwa akimngoja getini, na mkongojo wake.

"Nimeshindwa, bibi."

"Ulifika mwisho?"

"Nilifika."

"Basi sikiliza, mke mwenzangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yako iliishia hapo dirishani, na ukaniingiza na mimi humo. Leo umefika mwisho kwa miguu yako mwenyewe. Aliyepitwa leo, kesho anaweza kupita, lakini aliyejilaza chini haendi popote."

Kisha akampa mkongojo amshikie, akajifunga vizuri kanga yake, akaupokea tena. Jioni ilikuwa haijaisha, na kule nyumba ya pili yeye na rafiki yake walikuwa na majirani wengi wa kuwazungumzia.