Ekran Kumi na Mbili za Muhungu

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, fundi Christophe aliwasha kompyuta kumi na mbili za shule moja ya sekondari kule Muhungu, mjini Bukavu, akarudi nyuma hatua mbili ili ajifurahishe na kazi yake. Hakupata furaha hiyo. Ekran, yaani skrini, zote ziliandika maneno yale yale, « Aucun signal », hakuna ishara, kisha zikawa nyeusi. Jana yake, saa kumi na moja jioni, zilikuwa zimewaka zote, na prefe, mkuu wa shule, Papa Alphonse Mushagalusa, alizipiga picha. Wazazi walikuwa wamealikwa kuja kuzindua chumba cha kompyuta saa nane mchana.

Saa mbili na robo maman Yolande Nsimire aliitwa kutoka karakana yake ya Nyawera. Alidhani anaitwa kutengeneza. Alipoziona nyuso za watu akajua anaitwa kujibu.

Na la kujibu alikuwa nalo. Miaka kumi na sita alikuwa akifufua ekran na televisheni, na Christophe alijifunza kazi mikononi mwake. Halafu kijana akaenda Kampala, akarudi na vikompyuta vipya vinavyoenea kiganjani. Prefe alikuwa na ekran kumi na mbili za zamani zilizoachwa na ofisi iliyofungwa, lakini vikompyuta hivyo havikuwa na tundu la kable za zamani. Alimwuliza Yolande kwanza. Yolande akasema haiwezekani, ekran hizo zivunjwe vipande. Christophe akaleta adaptateur, kijidude kinachoingia kwenye kompyuta mpya upande mmoja na kupokea kable ya zamani upande wa pili, na ekran zikawaka. Tangu siku hiyo Yolande hakupata usingizi mzuri. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Yeye hakukonda hata kidogo, lakini kidonda alikuwa nacho, na kila aliyempelekea redio alirudi nyumbani amesikia habari za kidonda hicho.

Sentinelle Héritier, mlinzi wa lango, alikuwa amekwisha kusema kwamba jana saa kumi na moja na nusu alimfungulia Yolande mlango, akamwacha peke yake dakika kumi.

"Maman Yolande," prefe alisema, "ulikuja kufanya nini humu?"

"Kuangalia kazi ya mutoto. Nilikuja kutafuta kosa, papa prefe. Sikulipata."

Prefe alimpa mpaka saa sita mchana. Kama ukweli haujatoka, angewaita polisi na kulitaja jina lake mbele ya wazazi. Yolande hakuogopa polisi kama alivyoogopa hilo la pili. Nani Bukavu angeacha televisheni yake kwa fundi anayeharibu kazi za wenzake? Karakana ingefungwa kabla ya Jumapili.

Akaomba aone kwanza. Christophe, bila kumtazama usoni, alieleza kwamba amejaribu kompyuta zote na adaptateur zote kwenye ekran aliyoileta kutoka nyumbani, na zote ni nzima. Basi zilibaki kable. Yolande alipita nyuma ya ekran ya kwanza, akavuta kichwa cha kable. Kilikataa. Skrubu zake mbili, zile tunazoita vis, zilikuwa zimekazwa hadi mwisho. Alizilegeza kwa vidole, akahamia ya pili, akaikuta vile vile. Ekran kumi na mbili, skrubu ishirini na nne, zote zimekazwa.

Ndani ya kila kichwa mna safu tatu za sindano nyembamba. Katika kila kable, sindano ya katikati ya safu ya chini ilikuwa imekatwa na koleo ndogo. Hiyo ndiyo sindano inayoiambia ekran lini ianze kila mstari wa picha. Isipokuwapo, ekran hudhani hakuna kompyuta.

"Aliyekata anajua kazi," Yolande alisema.

"Na wewe unaijua," prefe akamjibu.

Walimgeukia Héritier, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameitaka kazi ya kuunganisha kompyuta hizo akakosa. Héritier aliapa kwamba yeye hata redio huifungua kwa kuipiga kofi. Alisema baada ya Yolande aliingia mtu mmoja tu, maman Aimée, saa kumi na mbili na dakika tano, akachukua madaftari yake na kuondoka baada ya nusu saa. Prefe alilipuuza hilo. Aimée Cibalonza alikuwa mwalimu wa informatique, somo la kompyuta au ordinateur, wa shule hiyo kwa miaka tisa, na chumba kilikuwa chake. Alikuwa ameketi kando, gauni limepigwa pasi, na alisema kwa upole kwamba yeye ni mwalimu wa chaki, mashine hizi mpya anaziogopa. Ukutani juu yake palikuwa na karatasi kubwa alizochora mwenyewe kwa mwandiko mzuri: kibodi, au clavier, kichwa cha kable chenye sindano kumi na tano na namba zake, na kanuni sita za kuunganisha ekran.

Tuseme ukweli, moyo wa Yolande ulitaka mkosaji awe Christophe. Alimwuliza maswali mengi makali, alilala wapi, nani alimwona, kwa nini alifika mapema kuliko wote.

"Maman, ungependa ikuwe mimi, sindiyo?"

Yolande alishika kichwa cha kable. Alimwuliza, "Hizi vis, ni we ulizikaza?"

"Mimi? Si ni wewe ulikuwa unanipigaka ku mukono juu ya kukaza vis?"

Ilikuwa kweli. Bukavu umeme huenda na kurudi kwa hasira, na ukirudi, watu huzing'oa nyaya kwa mikono. Kichwa kilichokazwa hung'oka na tundu lake zima. Nusu ya ekran zilizowahi kufika kwa Yolande zilikufa hivyo, kwa hiyo mafundi wa mji huu husukuma kable na kuiacha bila kuikaza.

Saa tano na dakika ishirini alimwomba kila mmoja achukue kable na kuiunganisha. Prefe alisema huu si wakati wa michezo, lakini akamwacha. Héritier aliigeuza juu chini, akasukuma mpaka akanyang'anywa. Christophe alisukuma, akaachia, macho tayari yako kwingine. Aimée alisukuma kwa ustadi. Kisha vidole vyake, bila kuambiwa, vikaenda kulia vikakaza, vikaenda kushoto vikakaza.

Yolande akaisoma kanuni ya nne ukutani: « Serrer les deux vis jusqu'au bout », yaani kaza vis zote mbili hadi mwisho.

"Fundi angekata na kuacha," alisema. "Huyu alikata, akarudisha kila kitu vile anafundishaka."

Aimée alizitazama skrubu, kisha vidole vyake. Hakukana.

"Miaka tisa nimefundisha ordinateur bila ordinateur," alisema. "Nilichora clavier, batoto banabonyeza karatasi. Huyu amekuja wiki mbili, na batoto njo banamuita professeur. Ijumaa papa prefe akaniambia, mwaka unaokuja hii cours, hili somo, itakuwa ya Christophe. Hakuniambia hata aksanti."

Prefe alitazama sakafu. Aimée akamgeukia Yolande.

"Na we maman, usinihukumu. Asubuhi ulipoona giza, haukufurahi?"

Yolande angeweza kusema hapana. Jina lake lilikuwa limekwisha kusafishwa, na hakuna ambaye angemwuliza tena.

"Nilifurahi," alisema. "Nilifurahi sana. Na jana, kama ningekuwa na koleo mufukoni, sijui."

Yolande alizikusanya kable zilizokatwa. Alimwambia prefe kwamba kule karakana ana gunia la kable za ekran zilizokufa, na kumi na mbili nzima hazitakosekana. Walipokuwa wakiteremka kuelekea Nyawera, Christophe alimwuliza kwa nini amesema vile mbele ya watu, wakati alikuwa amekwisha kushinda.

"Sababu ile wivu we ulikuwa unaijua," alimjibu. "Tembea, saa inaenda."

Saa nane ekran zote ziliwaka. Aimée hakuwapo, alikuwa amekwenda nyumbani na barua ya prefe ya kumsimamisha kazi. Wazazi walisimama wakampigia Christophe makofi, na maman Yolande, amesimama nyuma kabisa, alipiga kwa nguvu kuliko wote mpaka viganja vikamwuma, na bado alimwonea wivu.