Mzimu Hausemi Mpaka Usemeshwe

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika kama kila mwisho wa mwezi. Watu wanasukumana, muuzaji kapanda ngazi anataja bei kwa kelele, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Fundi aliliona jora la shashi ya kijivu, la mwisho, limejificha kwenye kona ya rafu. Akalivuta. Jora likagoma. Akalivuta tena kwa nguvu, na upande wa pili wa rafu kukawa na mtu naye analivuta.

"Kaka, niachie. Mimi ndiye niliyeliona kwanza."

"Dada yangu, nihurumie. Nikilikosa hili nitasimama uchi mbele ya watu mia tatu."

"Makubwa! Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni mzimu."

Fundi alichungulia kati ya majora. Shati jeupe lililonyooka pasi, ndevu zilizochongwa vizuri, na uso usiocheka hata kidogo. Lakini kilichomkamata Fundi kilikuwa sauti. Ilikuwa nzito, imetulia, inatoka kifuani bila haraka yoyote, na mwanamke aliyekuwa akipima pazia pale karibu aligeuka kuitazama. Naye yule mwanamume alimwona binti mwenye gauni la manjano na futi ya kupimia shingoni, ameisahau hapo tangu asubuhi.

Kumbe wote wawili walikuwa wametumwa na mtu mmoja. Mwalimu, mstaafu wa fasihi mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho, alikuwa anatayarisha tamthilia ya tanzia ya Ulaya ya miaka mia nne iliyopita. Alimwagiza Fundi, mshoni wake mpya, kitambaa cha mzimu, akasahau, akamwagiza na mzimu mwenyewe, yaani mwigizaji wake. Wakalibeba jora pamoja hadi ukumbini, mmoja huku, mwingine kule, na walipofika kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya mwenzake.

Siku ya kwanza ya mazoezi Mwalimu aliwaketisha wote jukwaani, na mshoni pia. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara aliyeuawa na rafiki yake, na rafiki huyo sasa anataka kumwoa mjane.

"Watazamaji wa zama zile hawakuwa wakitania," alisema Mwalimu. "Mzimu ukitokea, mtu mzima alimshika mwenzake mkono. Hawakujua kama kweli ni marehemu karudi kudai haki yake, au ni shetani kavaa sura ya marehemu. Ndiyo maana mzimu wetu una adabu yake. Hausemi mpaka usemeshwe. Unasimama mbele ya yule uliyemjia, unangoja. Akikosa moyo wa kuuliza, unarudi na siri yako."

"Na mimi mchawi?" aliuliza Shangazi. Huyu alikuwa dada wa baba yake Fundi, mwanamke wa vilemba vikubwa na mdomo mwepesi, na ndiye aliyemtafutia Fundi kazi hii.

"Wewe hutadanganya hata neno moja. Utamwambia muuaji nusu ya ukweli. Nusu nyingine ataijaza mwenyewe, kwa hofu yake na tamaa yake, na hapo ndipo atakapoangamia."

"Basi kazi nimeipata. Nusu nusu ndiyo zangu tangu nizaliwe."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema mzimu hauna vifungo wala zipu, kwa hiyo kila onyesho vazi lishonwe likiwa mwilini, kwa sindano na uzi, kule chini ya jukwaa, na baada ya onyesho lifumuliwe. Ukiwa tayari, mzimu usimame kwenye ubao wa kupandia na kugonga sakafu ya jukwaa kwa chini. Kugonga mara mbili ni "bado, ngojeni." Mara tatu ni "tayari," na hapo mafundi wa jukwaa wavute kamba za kuupandisha ubao.

Ukimshona mtu akiwa ndani ya nguo, utaukaribia moyo wake upende usipende.

"Usitikisike, nitakutoboa."

"Nitoboe tu, mpenzi. Si ndiyo kazi yako?"

"Mpenzi wako nani? Nyamaza."

"Ukininyamazisha utanikosa."

"Nikukose wewe au sauti? Maana mimi, nikuambie ukweli, nimeipenda sauti kwanza. Mwenyewe nimekuja kukuzoea baadaye."

Alisema kwa utani, akakata uzi kwa meno, akasahau. Mzimu hakusahau.

Miezi miwili simu ziliita kila jioni. "Laazizi, umekula?" "Nimekula, na wewe?" "Nasubiri unipikie." "Subiri sana." Maneno ya kipuuzi kabisa, ambayo mtu mzima angeona haya kuyasikia yakirudiwa, na Fundi alilala nayo akitabasamu.

Kisha, wiki tatu kabla ya onyesho, simu zikakoma. Akipiga, haipokelewi. Baadaye unaingia ujumbe: "Nimechoka kidogo. Tutaongea." Mazoezini alitamka maneno ya mzimu tu, tena kwa kunong'ona, akaondoka na skafu shingoni bila kuaga.

Fundi aliijua hali hiyo. Mchumba wake wa zamani alianza hivyohivyo: simu zikapungua, zikakatika, halafu ikaja kadi ya harusi yenye jina la mwanamke mwingine. Alikuwa ameapa kwamba hatamuuliza tena mwanamume kwa nini amenyamaza. Kuuliza ndiko kulikomdhalilisha mara ile.

Siku nne kabla ya onyesho Shangazi akampigia simu.

"Mwanangu, niko saluni hapa mkabala na jengo la bima. Mzimu wako yuko kwenye mlango wa vioo na dada mmoja mwenye nguo ya kijani. Anamshika shingo."

"Anamshika shingo vipi?"

"Kwa vidole. Polepole. Na yeye kafumba macho."

"Halafu?"

"Halafu wamepita, sijaona zaidi. Mimi nasema nilichoona."

Fundi alikaa na simu mkononi mpaka skrini ikazimika. Kisha akampigia kaka yake, msimamizi wa kiwanda cha sare katika mji mwingine, aliyekuwa akimbembeleza mwaka mzima aende akasimamie washoni. "Nakuja," akamwambia. "Jumamosi, nikimaliza onyesho." Akakata tiketi ya basi la saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulijaa. Chini ya jukwaa kulikuwa na taa moja, harufu ya vumbi na mbao, na nafasi ya watu wawili tu. Begi la Fundi lilikuwa mlangoni. Mzimu aliliona. Akamtazama, midomo ikafunguka, kisha ikafungika.

"Geuka," alisema Fundi.

Akaanza kushona mgongoni. Alivuta uzi kwa hasira, na juu yao mbao zililia kwa hatua za Shangazi, mchawi wa watu, akimwambia muuaji mambo ya kweli tupu ambayo yangemmaliza. Muuaji alikuwa anashangilia. Alikuwa amesikia alichotaka kukisikia.

Sindano ikateleza, ikazama kwenye bega. Ilizama kweli, damu ikaingia kwenye shashi. Mzimu alikunja uso, machozi yakamlengalenga, lakini hakutoa sauti. Hata "aa" hakusema.

Fundi aliganda. Mtu anayechomwa sindano analia. Hata aliyekuchoka, hata anayekusaliti, ukimchoma sindano atakutukana. Huyu alikuwa ameuma meno kama anayelinda kitu.

Akasimama mbele yake. Alijua akiuliza na jibu likawa lilelile la zamani, safari hii hatainuka. Na alijua vilevile kwamba asipouliza, saa kumi na mbili basi litaondoka naye.

"Yule mwanamke wa nguo ya kijani ni nani?"

Mzimu alitazama juu, kwenye mbao, akihesabu muda uliobaki. Kisha akasema, na sauti ikatoka imekwaruzika, nusu yake hewa.

"Daktari wa koo."

"Nini?"

"Kuna kiuvimbe. Jumanne napasuliwa. Ameniambia nisiongee kabisa. Nikamwomba nibakishe jukwaa tu."

"Na mimi ulishindwa kuniambia? Hata kwa kuandika?"

"Daktari anasema sauti inaweza isirudi ileile." Akameza mate kwa maumivu. "Nawe uliipenda sauti kwanza. Ulisema mwenyewe."

Fundi alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, na machozi yakamtoka hapohapo. "Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Mimi nimefunga begi!"

"Nimeliona."

"Na bado ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

Juu, mjane alikuwa amebaki peke yake jukwaani. Maneno ya kumwita mzimu yalikuwa yamekaribia. Fundi alifuta pua kwa mkono wa gauni, akamgeuza, akamalizia mishono sita ya mwisho haraka kuliko alivyowahi kushona maishani. Mzimu akasimama kwenye ubao. Akanyanyua mkono, akagonga mara tatu.

Kamba zikavutwa, akapanda.

Sauti aliyokuwa ameilinda wiki tatu ilikuwa imeishia kule chini. Mjane alipomuuliza, "Wewe ni nani, na umenijia na nini?" kilichotoka kilikuwa mnong'ono mkavu. Mwalimu, pembeni, alijishika kichwa. Lakini ukumbi mzima uliinama mbele kusikiliza, na mzee mmoja mstari wa tatu akamshika mke wake mkono.

Basi la saa kumi na mbili liliondoka na kiti kitupu. Kaka mtu alifoka kwenye simu, kisha akauliza, "Kwani ni nani huyo?" Shangazi alimwambia kila kitu, na safari hii, nusu zote mbili.

Jumanne ikapita. Alhamisi asubuhi, Fundi akiwa kwenye cherehani, alimpigia mzimu wake simu wodini. Daktari alikuwa amekataza neno lolote kwa wiki mbili. Simu ikapokelewa, ikasikika pumzi tu.

"Usiseme kitu," alisema. "Ukifungua mdomo nakata. Nasikia upasuaji umekwenda vizuri, na sauti hawajui. Sikiliza. Ikirudi kama ya chura, nitalala na chura wangu. Isiporudi kabisa, mimi naongea maneno ya watu wawili, Shangazi ni shahidi." Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani. "Ile siku niliuliza kwa hofu. Leo nauliza kwa hiari yangu. Utanioa?"

Kisha, upande wa pili, kidole kikagonga kwenye chuma cha kitanda.

Kikagonga tena.

Fundi alifumba macho. Mara mbili. Bado, ngojeni. Akasikia muuguzi akisema kitu kwa mbali, akasikia moyo wake mwenyewe, akaanza kutafuta neno la kuagia ambalo halitamwaibisha.

Kikagonga mara ya tatu.